Nguo za Opicho

Jumatatu, Machi 23

Idi imepita, mvua imeingia, na Aqsa, binti yangu, ameniletea daftari hili. Anasema tangu mwaka jana nimezoea kuongea peke yangu nikiosha vyombo, na majirani wameanza kunitazama. "Andika, Mama. Daftari halitakujibu." Anajua mama yake hapendi kujibiwa. Haya, naandika.

Mimi ni Lela, mjane, muuza sweta za mitumba soko la Gikomba, mkaaji wa Shauri Moyo, Nairobi, tangu kuzaliwa. Ukuta mmoja na mimi wanakaa Muhonja na mumewe Wekulo. Muhonja pia anauza Gikomba, meza yake imegusana na yangu, na miaka yote hii tumenyang'anyana wateja asubuhi na kula sahani moja mchana. Mtoto wao wa pekee alikuwa Opicho. Alikuwa mwanajeshi. Aprili mwaka jana, huko Somalia, gari lao lilikanyaga bomu. Akarudishwa ndani ya jeneza lililofunikwa bendera, wakamzika kwao Bungoma.

Sasa niandike lile ninalolisema nikiosha vyombo. Opicho alikuwa mwanangu pia. Alipozaliwa, Muhonja alishikwa na homa mbaya akalazwa hospitali, hajitambui. Aqsa wangu hakuwa hata ametimiza siku arobaini. Wekulo akaja mlangoni na kitoto kimefungwa kwenye taulo, akaninyooshea. Nilikichukua nikakaa kitandani, Aqsa ziwa hili, Opicho ziwa hili, mpaka mama yake aliporudi, na hata baada ya hapo, kwa sababu yeye maziwa yalikuwa yamekauka. Kwetu Waislamu maziwa ni undugu. Aqsa na Opicho ni ndugu, mtu asiniambie vingine. Hata alipoota ndevu aliingia kwangu nikiwa kichwa wazi na sikutafuta mtandio.

Kuna kitu kimoja chake ninachokitaka. Ni sweta ya kijivu. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, Machi 26

Mvua. Nimeuza soksi tu.

Jumamosi, Machi 28

Nimesikia ugomvi ukutani. Wekulo anasema ukumbusho utafanyika Bungoma Aprili 25, kaburi lijengewe saruji, na ukoo ugawane nguo za marehemu kama desturi yao ilivyo. Mwaka unakwisha, nguo haziwezi kukaa tu. Muhonja anasema hakuna atakayegusa hizo nguo akiwa yeye hai.

Ziko ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda. Jumapili akitoka kanisani hulifungua, huzikunjua moja moja, kisha huzikunja tena. Wekulo hukaa nje wakati huo, anatazama barabara. Mtu huyu ameumbwa kwa mawe. Sijamwona akitoa chozi hata siku ya jeneza.

Jumanne, Machi 31

Kaka yangu Faki alipita kunywa chai. Yeye amesoma dini, kwa hiyo nilimuuliza kwa kuzunguka, kama habari ya mtu mwingine: mtoto wa kunyonya akifa, mama aliyemnyonyesha ana fungu lolote?

"Hana," akasema. "Maziwa yanazuia ndoa, hayaleti urithi." Akapuliza chai yake. "Unauliza ya Opicho, Lela?"

"Kunywa chai, Faki."

Basi dini yangu hainipi fungu, na desturi yao inagawia ukoo. Mimi ni jirani aliyekuwa na maziwa. Sitaomba. Sikuomba kumnyonyesha, aliletwa, na sweta pia sitaiomba.

Jumapili, Aprili 5

Pasaka ya wenzetu. Muhonja ameniletea kuku na chapati. Tulikula pamoja. Njiani kutoka kanisani alivuka barabara ili asipite mbele ya duka la Sirad. Amefanya hivyo mwaka mzima. Sirad ni Msomali aliyezaliwa hapa Majengo kama mama yangu, hajawahi kufika Somalia, na Opicho alikula peremende zake hadi meno yakaoza. Nilimwambia Muhonja hivyo mwaka jana, akanijibu, "Najua, Mama Aqsa. Miguu ndiyo haijui." Sikurudia.

Niandike ya sweta. Alipokuja likizo yake ya kwanza kutoka jeshini kulikuwa na baridi kali, naye amevaa fulana. Nilikuwa nimefungua mtumba asubuhi hiyo, na juu kabisa kulikuwa na sweta ya kijivu, nzito, mali safi. Nilimrushia. Akaivaa papo hapo, akainama ili nimfunge kifungo cha juu. Nikamwambia, "We mwanajeshi mzima, vifungo vinakushinda?" Akasema, "Vya huko najifunga mwenyewe." Likizo iliyofuata kiwiko kilikuwa kimetoboka, Muhonja akakitia kiraka cha kahawia. Ndiyo aliyokuwa nayo siku alipoondoka mara ya mwisho. Aliivua mlangoni, akasema huko kuna joto.

Alhamisi, Aprili 9

Paa la Muhonja limevuja. Tumepanga sufuria zote za nyumba mbili sakafuni.

Jumamosi, Aprili 11

Niandike kabla sijapoteza mpangilio wa mambo.

Paa lilipovuja juzi, maji yalifika chini ya kitanda. Muhonja alikuwa sokoni. Wekulo akaona sanduku limesimama majini, akazitoa nguo za mtoto, akazitia ndani ya gunia kavu na kulibeba begani hadi stoo yetu ya Gikomba, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pasipovuja. Alikusudia kumwambia mkewe. Lakini tangu ule ugomvi hao wawili hawaongei, wanapishana tu kama wapangaji. Jana hakusema. Asubuhi ya leo hakusema.

Leo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Siku kama hiyo hatufungui mtumba mpya. Tunatoa fagia, yaani zile nguo zilizobaki watu wakishachagua, tunazimwaga mezani kwa bei ya kutupa, tusirudi nyumbani mikono mitupu. Muhonja akamtuma Ndeti, hamali wetu, alete gunia la fagia. Magunia yote yanafanana. Ndeti akaleta lililokuwa karibu na mlango.

Muhonja akapanda juu ya meza. Akiwa juu pale yeye hatazami nguo, anatazama mikono ya wateja, nani ameshika, nani hajalipa. Anachota, anarusha, anapokea, na mdomo haupumziki. "Okota, okota, bei ya mvua! Usiulize ilikuwa ya nani, uliza kama inakutosha!" Watu walikuwa wengi chini ya turubai letu, wengine wakikimbia mvua tu. Na zilikuwa nguo nzuri, ndiyo maana zilikwenda haraka. Opicho alivaa vizuri. Zote alizichagua kwenye meza ile ile, miaka yote, kabla mama yake hajawafungulia wateja.

Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nafunga kamba ya turubai. Kilichonigeuza ni sauti yake kukatika.

Alikuwa amesimama pale juu na sweta ya kijivu mkononi. Kidole chake kilikuwa juu ya kiraka. Chini, mama mmoja alikuwa ameshika mkono mwingine wa sweta na anavuta. "Leta bwana, mimi ndio nilikuwa wa kwanza."

"Mama Aqsa," Muhonja akaniita, taratibu kabisa. "Njoo unishushe."

Nilimtoa yule mama vidole kwenye sweta kimoja kimoja. Nikapanda alipo Muhonja, nikamshika kiuno, tukashuka. Gunia lilikuwa tupu. Akakaa chini kwenye matope, akaiweka sweta mapajani, akasema, "Nimemnadi. Nimesimama juu ya meza nikamnadi mtoto wangu."

Nilikaa naye hapo hapo. Nililia kwa sauti, sikujali nani ananiona. Yeye hakulia.

Wekulo alikuja amelowa chapachapa, kuna mtu alikuwa amemkimbilia. Akatazama gunia. "Ni mimi nililileta," akasema. "Nilitaka zisilowe." Alibaki amesimama mvuani, hakuingia chini ya turubai, mpaka nikamvuta mkono.

Jumapili, Aprili 12

Kimya ukutani. Muhonja hakwenda kanisani.

Jumanne, Aprili 14

Nimeacha kulia, nimeanza kazi. Pale kwetu kuna muuza dawa ya panya mwenye kipaza sauti. Nimembembeleza, na sasa baada ya panya, mende na kunguni anatangaza: "Na kama ulinunua nguo Jumamosi kwa Mama Opicho, karibu na choo cha soko, rudisha, hizo ni za marehemu." Anaisema kwa sauti ile ile ya panya. Watu wanacheka, halafu wananyamaza.

Ndeti amerudisha fulana ya kuchezea mpira aliyokuwa amejinunulia mwenyewe. Alikuwa ameivaa. Aliivua mbele yangu akaondoka kifua wazi.

Ijumaa, Aprili 17

Suruali mbili zimerudi, na shati moja. Aliyelinunua alikuwa amelifua na kulipiga pasi.

Jumamosi, Aprili 18

Leo nimemwona Wekulo sokoni, na imenibidi nimeze maneno yangu yote ya Machi.

Alikuwa anapita katikati ya watu taratibu, na nilidhani anatafuta kitu cha kununua. Kisha nikaona anatazama migongo. Anamfuata mtu mwenye jaketi, anamzunguka ili aone mbele, anaomba radhi, anaenda kwa mwingine. Ndeti ananiambia amefanya hivyo kila siku tangu Jumapili, anaingia hadi Majengo, anarudi kupitia mtoni. Nilimpelekea chai. Akainywa akiwa bado anatazama watu.

"Baba Opicho, pumzika."

"Ile jaketi ya kahawia," akasema. "Yenye zipu. Alikuja nayo kazini kwangu siku alipopata barua ya jeshi. Alinibeba, mimi, mbele ya wenzangu wote, akanizungusha." Akarudisha kikombe. Machozi yalikuwa yanashuka naye hayafuti, kana kwamba hajui kama yapo. "Usimwambie Mama Opicho kwamba natafuta. Nisipoipata nitakuwa nimemvunja moyo mara mbili."

Mtu niliyemwita jiwe. Kumbe kila Jumapili alitoka nje kwa sababu hakuweza kuzitazama zile nguo. Alitaka zigawanywe ili asizione tena.

Jumatano, Aprili 22

Mvua kubwa. Karibu saa kumi kijana mmoja mrefu alifika mezani, jaketi ya kahawia ameikunja kwapani, yeye mwenyewe amelowa na anatetemeka.

"Mathe, niaje. Nimeskia mnasaka jaketi. Ule msee wa panya amesema ni ya mtu alidedi. Mimi sikujua, wallahi."

"Umetoka wapi?" nikamuuliza.

"Huruma. Lakini mimi hubeba mizigo Eastleigh."

Muhonja alikuwa ameipokea, anapapasa zipu. "Jina lako nani?"

"Hanad."

Mkono wake ukasimama. Nilijua amesikia jina la Kisomali, na ameuona uso. Naye kijana aliona kwamba ameuona, akarudi nyuma kidogo, akasema polepole, "Poleni sana. Mtu wenu alikuwa jeshi, si ndio? Wameniambia."

Mvua ilikuwa inapiga turubai.

"Kwa nini umeivua na mvua inanyesha hivi?" Muhonja akauliza.

"Niliona si poa kukuja nimeivaa, mathe. Ungeshtuka."

Muhonja akamtazama, kijana meno yanagongana. Akainua jaketi, akaikung'uta jinsi tunavyokung'uta sote sokoni, mara mbili. "Ingiza mkono," akasema. "Na huu. Utashikwa na homa, na mama yako anakungoja." Akamfunga zipu mpaka kidevuni. Hanad alitaka kusema kitu, Muhonja akamkataza kwa mkono. "Nenda nayo. Iko sawa na wewe."

Alipoondoka, Wekulo alikuwa amesimama kwenye kona ya meza. Sijui alifika lini. Nilidhani atakasirika, kwani ndiyo aliyoitafuta siku zote hizo. Akasema tu, "Imemtosha mabegani."

"Ee," Muhonja akasema. "Imemtosha." Kisha akamwambia, na hayo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu ile Jumamosi ya gunia, "Umelowa, Baba Opicho. Njoo ukae."

Jumapili, Aprili 26

Nimerudi kutoka Bungoma, mgongo unaniuma, lakini silali kabla sijaandika.

Kaburi limejengewa vizuri, saruji laini, jina lake na cheo chake. Mji wao ni mdogo, kila mtu alikuja: walimu wake wa sekondari, kwani alisomea huko, wachezaji wenzake, fundi aliyempa baiskeli ya kujifunzia. Mimi niliwekwa pamoja na wageni wa Nairobi, kwenye viti vya plastiki, mahali pazuri, lakini pa wageni. Walinipa soda. Nilishika soda yangu nikajikumbusha kwamba sitaomba.

Baada ya sala, ukoo ukakaa upande wake na mkeka ukatandikwa. Kaka mkubwa wa Wekulo ndiye anayegawa. Muhonja akaweka pale zile zilizorudi: suruali mbili, shati, fulana ya mpira. Mzee akazitazama. "Mtoto alikuwa na mshahara," akasema. "Nguo zake ndizo hizi tu? Nyingine ziko wapi?"

Wekulo akasimama. "Kosa ni langu," alianza, lakini Muhonja akamshika mkono, naye akasimama pembeni yake.

"Nyingine zimevaliwa," Muhonja akasema. "Niliziuza bila kujua, mvua ikinyesha. Nimelia, shemeji, usinione hivi. Lakini nitawaambia kitu. Mwaka mzima nilizifungia ndani ya sanduku, na kila Jumapili nilizinusa. Zilikuwa zinanuka kutu. Harufu yake ilikuwa imekwisha toka. Sasa Nairobi kuna watu wamezivaa wanaenda kazini. Nimemwona mmoja. Wahesabuni hao kwamba walikuja hapa leo mkawagawia."

Watu wakaguna, wengine si kwa furaha. Mzee alipapasa goti lake. Mwishowe akasema, "Basi wamegawiwa," akachukua suruali ya kwanza na kumwita mjomba.

Zilikwisha upesi. Ndipo nilipoona kwamba Muhonja bado ana kitu mapajani, kimefunikwa na leso.

"Na hiyo?" mzee akauliza.

"Hii ina mwenyewe." Akainuka, akavuka uwanja mbele ya ukoo wote, akaja kwenye viti vya wageni. "Mama Aqsa, simama."

Nilisimama, soda ikamwagika.

"Shemeji aliniuliza jana huyu Mwislamu ni nani, nikamwambia jirani. Nilisema kwa haraka." Alikuwa anaongea na wao lakini ananitazama mimi. "Nilipomzaa Opicho nililala siku nyingi sijui kama nina mtoto. Huyu ndiye aliyemnyonyesha. Alikuwa na wa kwake mchanga na akampa wangu ziwa la pili. Mimi nilimzaa. Kuishi, aliishi kwa maziwa yake." Akaifungua leso. "Shika."

Nilisema sikuomba. Nilisema dini yangu haina fungu kama hilo. Nilisema maneno mengi ya kijinga. Muhonja akanivika begani, akaanza kufunga kifungo cha juu, nami nikainua kidevu. Wekulo alikuwa nyuma yake anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Ijumaa, Mei 1

Faki ameniona nimevaa sweta. Ameuliza kama nina homa. Nimemwambia anywe chai.

Jumatano, Mei 13

Muhonja amenunua sukari kwa Sirad. Alikaa dukani kitambo. Sikusema kitu, na hilo kwangu ni kazi kubwa.

Alhamisi, Juni 4

Mvua imekwisha, baridi imeingia, biashara ya sweta imechangamka. Nilivaa ya kijivu juu ya buibui, na tangu alfajiri nilikuwa juu ya meza nikirusha. Kulipopambazuka vizuri nikashuka kupumzika, nikaivua kidogo nikaiweka kando, kwa sababu jua lilikuwa limetoka. Ni kosa ambalo mtu wa Gikomba hapaswi kulifanya.

Nilipogeuka, mteja alikuwa ameishika, anakagua kiraka. Kijana wa watu, mpole, amevaa fulana.

"Mama, hii ni ngapi?"

Sikujua niseme ni ya nani. Ya jirani? Ya marehemu? Muhonja alikuwa mezani kwake, mikono yote miwili imejaa nguo, anadai pesa huku na huku. Hata hakugeuza kichwa vizuri.

"Hiyo rudisha," akamwambia kijana. "Haiuzwi. Ni ya mtoto wake."

Akaendelea kuuza.